Unene wa Diski

Hapa Huruma, Nairobi, barabara ni ya watu kabla ya kuwa ya magari. Ukiacha Juja Road ukaingia ndani, upande wa Kiamaiko, unapishana na mbuzi wanaoswagwa kwenda machinjioni, mikokoteni ya maji, bodaboda zinazochomoka vichochoroni, na watoto ambao hawana uwanja mwingine wa mpira isipokuwa lami yenyewe. Ghorofa zimesongamana, milango ya ngazi inafungukia barabarani, na mtoto anayeshuka mbio hutokea moja kwa moja mbele ya boneti. Dereva wa hapa haioni hatari ikija. Anaiona ikiwa imeshafika. Ndiyo maana nimekua nikiamini kwamba breki hazimhusu aliye ndani ya gari peke yake. Aliye ndani ana mkanda na bati la kumkinga. Breki ni za yule aliye nje, ambaye hakuna aliyemuuliza kama zinafanya kazi.

Imani hiyo nilipewa na mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa na gereji ya kando ya barabara: kontena moja la kufungia vifaa, kipande cha turubai cha kuzuia jua, na nafasi ya magari mawili yakibanana. Nilianza kwenda pale baada ya masomo, kwanza kumpitishia spana, baadaye kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, mwishowe kufungua na kufunga mwenyewe. Leo naendesha Toyota Vitz kama teksi, na gari langu nalihudumia kwa mikono yangu. Mjomba amezeeka na kurudi Kitui, lakini hadi leo nikiondoa tairi huwa namsikia akiuliza swali lake la kwanza, lile lile kwa kila gari: "Unene?"

Zamani tulikuwa tukihudumia matatu na pikapu za wafanyabiashara wa Gikomba. Kisha Uber ikaingia Nairobi Januari 2015, kampuni nyingine zikafuata, na gereji ikajaa magari madogo: Vitz, Demio, March, Fit. Mwaka 2018 Uber yenyewe ikaanzisha huduma ya bei ya chini kwa Suzuki Alto, na injini zikazidi kupungua. Haya ni magari mazuri, na sitaki mtu ayadharau mbele yangu. Lakini yalichorwa kwa ajili ya mtu wa kwenda sokoni na kurudi, yakafika kwetu yakiwa na miaka kadhaa mgongoni, na hapa yanafanya kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane, kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Injini hustahimili. Zinazoumia kimyakimya ni diski za mbele.

Vitz nyingi za mtaani zina diski mbele na dramu nyuma. Unapokanyaga breki uzito wa gari huegemea mbele, kwa hiyo kazi kubwa hufanywa na magurudumu mawili ya mbele. Diski yenyewe ni chuma cha kusubu, duara linalozunguka na tairi, na kalipa huibana pande zote mbili kwa pedi. Wazo hili Mwingereza Frederick Lanchester alilisajili mwaka 1902, likakaa nusu karne likisubiri, hadi Jaguar iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1953 kwa gari lenye diski. Mwaka huohuo Afrika Mashariki ilianza mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Mjomba aliipenda sana sadfa hiyo, na wateja walioisikia zaidi ya mara moja walimvumilia kwa sababu ya kazi yake.

Mtu anayeangalia diski kwa mara ya kwanza huona uso unaong'aa akadhani kila kitu ni sawa. Tazama ukingoni. Pale ambapo pedi haifiki pamebaki mdomo wa kutu, na urefu wa mdomo huo ndio chuma kilichokwisha kuliwa. Pitisha ukucha kutoka katikati kwenda nje; ukinasa sana, anza kushuku. Lakini ukucha si kipimo. Kwenye kofia ya diski, au pembeni mwake, kiwanda huandika unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa milimita, baada ya herufi MIN TH. Mara nyingi maandishi yamezikwa chini ya kutu na inabidi uyafufue kwa brashi ya waya. Tofauti kati ya diski mpya na diski ya kutupwa, kwa magari mengi madogo, ni milimita mbili hivi tu. Hakuna jicho linaloweza kuapa juu ya milimita mbili.

Tatizo ni kwamba ukipima kwa venia ya kawaida, meno yake hukaa juu ya ule mdomo wa kutu, ukapata namba ya uongo inayokupendeza. Fundi mwenye maikromita hana shida hiyo. Mjomba hakuwa na maikromita. Alitoa mfukoni sarafu mbili za shilingi moja, akaweka moja kila upande wa diski, ndani kidogo ya mdomo, akabana venia juu ya sarafu, kisha akatoa unene wa sarafu zote mbili kwenye hesabu. Alipima mahali pengi kuizunguka diski, kwa sababu diski inaweza kuwa nene huku na nyembamba kule. Sarafu mpya zilipotoka Desemba 2018, zenye twiga kwenye shilingi moja, alizipima kwanza kabla ya kuzikubali kazini. Mimi bado natumia zile za twiga.

Namba alizokuwa akizipata alizitaja kwa mdomo tu, mpaka mwaka 2016. Usiku wa tarehe 29 Aprili mwaka huo, mvua ikiwa imenyesha kwa nguvu, jengo la ghorofa sita lilianguka hapa Huruma likafukia familia nzima nzima. Waliokufa walipita 40. Tulikesha pale na wenzetu, watu wakipitisha mawe mkono kwa mkono kabla mashine hazijafika. Baadaye ikajulikana kwamba jengo hilo lilikuwa limeshakaguliwa na kuwekwa alama ya kubomolewa. Yaani mtu alilitazama, akaona, akaandika, na watu wakaendelea kulala ndani. Mjomba hakusema mengi juu ya msiba ule. Lakini juma lililofuata alinunua kaunta buku, akachora mistari, na kuanzia siku hiyo kila gari lililopandishwa jeki liliandikwa: namba ya gari, unene wa diski ya kulia, unene wa ya kushoto, kikomo cha kiwandani, na sahihi ya mwenye gari. Gari lililoshuka chini ya kikomo hakuliachia liondoke. Alikaa na ufunguo. Kuna waliomtukana, na kuna mmoja aliyekuja na askari. Mjomba alifungua buku, akamwonyesha askari namba mbili, iliyotakiwa na iliyopatikana, na askari akamwambia mwenye gari apande matatu.

Katika yote niliyojifunza pale, kesi iliyonifunza zaidi ilikuwa ya dereva mmoja aliyekuwa akiegesha upande wa Ngei. Gari lake, Vitz kama langu, lilitetemeka kila aliposhika breki kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, usukani ukicheza mikononi na kanyagio likipiga mguu. Alikuwa amebadilishiwa diski mpya mahali pengine, ugonjwa ukapona, ukarudi baada ya miezi michache. Akabadilishiwa tena. Ukarudi tena. Alifika kwetu akiwa amekata tamaa.

"Mzee, nimeuziwa diski mbovu mara mbili," alisema.

Mjomba aliondoa diski, akaigeuza, akaitazama mgongo wake, kisha akainama kwenye habu, ule uso wa chuma ambao diski hukaa juu yake. Akaniita niwashe tochi. Kuizunguka habu kulikuwa na magamba ya kutu, mengine membamba sana, mengine ya kuhisiwa kwa kidole.

"Diski umeuziwa nzuri, kijana wangu," alimwambia. "Imewekwa juu ya kutu."

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, kwa hiyo naomba nieleze polepole. Gamba la kutu likibaki chini ya diski mpya, diski haikai wima sawasawa. Inayumba kidogo inapozunguka. Viwanda vingi huruhusu mayumbo ya sehemu tano za mia moja za milimita, au karibu na hapo. Kupita hapo ni shida. Siku ya kwanza dereva hasikii chochote, kwa sababu kalipa inaweza kuyafuata mayumbo hayo. Lakini gari likitembea bila breki, sehemu ile inayojitokeza hugusa pedi kila mzunguko, mguso mwepesi tu, mara mamia kwa kila kilomita. Kwa muda inasuguliwa mpaka inakuwa nyembamba kuliko kwingine. Sasa diski haina unene mmoja, na ukikanyaga breki pedi zinapanda na kushuka kufuata tofauti hiyo. Mtetemo umezaliwa. Fundi anasema diski imepinda, dereva anasema diski ni feki, muuzaji anauza nyingine, na kutu iko palepale ikisubiri ya tatu.

Kilichofuata kilichukua asubuhi nzima, ingawa kubadilisha diski zenyewe ni kazi fupi. Tulisugua habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka ikang'aa yote. Mjomba akanituma Kariobangi Light Industries, kwa mzee mwenye mashine ya kukereza, nikaazime saa ya kupimia mayumbo, ile yenye mshale na sumaku ya kuishikilia. Tukafunga diski kwa nati zote, tukaizungusha kwa mkono na kutazama mshale. Haukuridhisha. Mjomba akaifungua diski, akaizungusha nafasi moja mbele kwenye skrubu za habu, akaifunga tena. Mshale ukatulia. Akaweka alama ya chaki ili asije mtu baadaye akairudisha vibaya. Upande wa pili ulikaa mara ya kwanza.

Nati za tairi nazo zilikuwa na hatia. Zilikuwa zimekazwa kwa kuruka juu ya spana, mtindo wa vijana wengi wa kuziba pancha, na moja ilihitaji bomba refu ili ifunguke. Toyota wanataka nyutoni-mita 103 kwa nati za gari hili, ambayo ni sawa na kukandamiza kwa nguvu ya kilo 21 kwenye spana ya nusu mita. Mtu mzima anaifikisha kwa mkono bila kuruka. Nati zikikazwa kupita kiasi, tena bila usawa, zinaivuta diski upande. Ndiyo maana zinakazwa kwa kuvuka, moja halafu ya upande wa pili, kidogo kidogo, kamwe si kwa kuzunguka.

Yule dereva aliondoka na gari lililotulia. Nilimwona akiendelea na kazi kwa muda mrefu baadaye, na kila alipopita alipiga honi. Tangu hapo, diski ikiharibika nataka kujua kilichoiharibu kabla ya kwenda dukani. Mara nyingi si diski yenyewe. Pini za kalipa zikikauka, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani huliwa hadi bati wakati ya nje bado ni nene. Pistoni ikikwama, upande mmoja hushika breki mchana kutwa na tairi hilo hunuka chuma kilichoungua. Pini zinataka kusafishwa na kupakwa grisi ya silikoni inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya bearingi huvimbisha mpira na kuzikwamisha upya, na hilo mafundi wengi hawaambiwi. Dawa ya haya yote ni bei ya chai na mandazi. Ugonjwa ukiachwa, unakula pedi, diski na kalipa.

Kuhusu kukereza diski, au kuskimu kama tunavyosema, msimamo wangu ni mkali. Mashine ya kukereza inanyoosha uso kwa kupunguza chuma. Ikiwa diski ni nene vya kutosha na baada ya kukerezwa itabaki juu ya kikomo kwa kiasi cha kuhimili pedi zijazo, hakuna ubaya. Lakini nimeona diski zikikerezwa mara mbili, mara tatu, bila mtu kupima kabla wala baada, mradi zing'ae. Diski nyembamba inashika joto upesi kwa sababu chuma cha kulipokea kimepungua. Inaweza kupasuka. Na pedi zikichakaa juu ya diski nyembamba, pistoni hutoka nje zaidi ya ilivyopaswa. Mzee wa Kariobangi alikuwa mwaminifu: akipima akaona haifai, alikurudishia na hakukutoza kitu.

Joto lenyewe linahitaji kuheshimiwa. Breki haziui mwendo. Zinaugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,000 likienda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya kilojuli 386 hivi, inayotosha kuchemsha sufuria ya maji ya zaidi ya lita moja. Yote hiyo inamiminwa kwenye chuma kwa sekunde chache. Mwendo ukipungua kwa nusu, nishati inabaki robo, kwa hiyo dereva wa taratibu anazirehemu diski zake kuliko anavyodhani. Mteremko ni habari nyingine. Gari hilohilo likishuka mita 100 kutoka juu kwenda chini, breki zinapewa karibu kilojuli 980, ikiwa injini haisaidii. Ni sawa na kusimama mara mbili na nusu kutoka kilomita 100 kwa saa, kwa kila mita 100 za kushuka.

Ukipata abiria wa Naivasha ukateremka barabara ya zamani ya kwenda Mai Mahiu, ukilipita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitalia, hesabu hiyo iko chini ya mguu wako. Nimewahi kusimama pale na kumsaidia dereva ambaye kanyagio lake lilikuwa limeshuka hadi chini. Diski zilitoa moshi. Mafuta yake ya breki yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta ya DOT 3, yakiwa mapya na makavu, huchemka kwa nyuzi 205, lakini hunywa unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishalowa yanaweza kuchemka kwa nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na mguu unazama bila gari kupungua mwendo. Kwenye mteremko teremsha gia, hata kama gari ni la otomatiki. Herufi ziko pale kando ya D kwa ajili hiyo. Wanaoweka gari huru ili kuokoa petroli, mtindo uliowazika watu wengi kule Salgaa kwenye malori, wanazikabidhi diski kazi yote ya mlima. Nami mafuta ya breki nayabadilisha kabla hayajawa meusi, na sijawahi kuongeza kitu kingine chochote ndani ya kikopo chake.

Uamuzi wa kununua ukishafika, kuna njia tatu. Mpya za duka linaloaminika. Zilizotumika kutoka Japani. Na zile za bei ya ajabu ambazo hakuna anayetaka kuulizwa zimetoka wapi. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utazipata zote, wakati mwingine kwenye duka moja. Sina ugomvi na diski iliyotumika ikiwa nimeipima pale pale juu ya kaunta na ni nene. Huwa naenda na venia yangu na sarafu zangu, na muuzaji anayekataa nipime sinunui kwake. Kwa mpya, natazama kama maandishi ya kikomo yamechongwa au yamo kwenye chuma chenyewe, kama mapezi ya hewa kati ya nyuso mbili yana nafasi sawa kuizunguka, na kama uso unaokaa kwenye habu umenyooka. Pedi za bandia ndizo zinazonitisha zaidi. Nyingine ni ngumu kiasi cha kuilima diski mpya kama jembe, nyingine zinapukutika.

Diski za zamani zilizopita kikomo, Mjomba alikuwa akizipiga kwa nyundo kubwa mpaka zipasuke. Chuma cha kusubu hakipindi, kinavunjika. Wateja walidhani ana hasira. Alikuwa akizuia zisije zikaokotwa, zikasuguliwa na kurudi sokoni kuuzwa kama zilizotumika kidogo. Vipande vilienda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, lundo letu lilikua hadi likafikia magoti, na halikupungua hadi marufuku ilipoondolewa Mei.

Kazi ya kuzifunga ina adabu zake. Kalipa ikiondolewa inaning'inizwa kwa waya kwenye springi. Kuiacha ining'inie kwa mpira wake ni kuukata mpira huo kidogo kidogo. Diski iliyogandamana na habu haipigwi kiholela, maana kila pigo linafika kwenye bearingi. Diski nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye hesi. Unaingiza bolti mbili, unazikaza kwa zamu, na diski inajisukuma yenyewe nje. Ukiona matundu hayo kwa mara ya kwanza baada ya miaka ya nyundo, unataka kumwandikia barua aliyeyabuni. Diski mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, tunayaosha kwa maji moto na sabuni ya unga, tunaikausha, kisha hatugusi uso kwa vidole vyenye grisi. Vumbi la pedi halipulizwi kwa mdomo. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na hakuna anayejua kila kilichomo kwenye zile za bei ya chini. Vumbi hilo linafutwa kwa kitambaa kibichi. Pedi huwekwa mpya pamoja na diski mpya, na diski hubadilishwa mbili kwa pamoja, kulia na kushoto, ili gari lisivute upande.

Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyagio linapigwa mara kadhaa mpaka liwe gumu. Pistoni zimesukumwa nyuma. Mkanyago wa kwanza huenda bure hadi chini. Katika mtaa kama wetu huo mkanyago wa kwanza unaweza kuwa ule unaohitajika.

Kisha diski mpya zinazoezwa. Mimi hutoka Jumapili alfajiri hadi Outering Road, wakati bado kuna nafasi, nikifika kilomita 60 nashika breki kwa utulivu hadi karibu 10, bila kusimama kabisa, naondoka tena, narudia mara kadhaa, halafu naendesha taratibu bila kushika breki ili zipoe. Tabaka jembamba la pedi linajipaka sawa kwenye diski. Ukisimama zikiwa na moto na mguu ukabaki juu ya breki, pedi inaacha alama mahali pamoja, na alama hiyo itarudi kukusumbua. Nikirudi sipiti kwa vijana wa kuosha magari mpaka diski zimepoa, kwa sababu maji baridi juu ya chuma cha moto ni njia ya kutafuta nyufa.

Nimeandika haya yote kana kwamba kila mtu ana pesa. Diski mbili mpya na pedi zake hazitofautiani sana na kodi ya mwezi ya chumba kimoja hapa, na dereva wa teksi anayelipia gari kwa wiki huweka kodi kwanza. Namwelewa. Nimekuwa yeye. Lakini anayeendesha na diski zilizokwisha anakopa, na anayemkopesha ni mwanafunzi anayevuka pale stejini, ambaye hakuombwa wala hakukubali. Kuwakemea madereva hakukusaidia kitu kwa miaka yote niliyokuwa gerejini. Waliitikia, wakaondoka, wakaenda kwa fundi asiyepima.

Kilichosaidia ni chama. Tuko madereva wachache tunaokutana jioni za Jumapili palipokuwa na kontena la Mjomba, na mbali na zile hela za kawaida za mzunguko, kila mmoja huweka kidogo kwenye mfuko wa breki. Anayekopa humo halipi riba, anarudisha polepole, na pesa haipewi mkononi, inalipwa dukani. Mweka hazina wetu ni mama anayekaanga chapati kwenye kona ile, na hana gari. Tulimchagua kwa sababu hesabu zake hazina utani. Kaunta buku ya Mjomba iko kwake, na sarafu mbili za twiga ziko ndani ya jalada lake. Dereva akiomba mkopo, anaondoa tairi, mama anafuta mikono, anapima mwenyewe mahali pengi kuizunguka diski, anaandika. Namba ikiwa bado iko juu ya kikomo anamwambia akasafishe pini kwanza, arudi baadaye. Ikiwa chini, gari linabaki pale kwenye jeki mpaka diski zifike.